Kusomea Kilimo, Bustani au Uhifadhi Tanzania: Mwongozo Kamili kuanzia Matokeo ya Kidato cha Nne hadi Kazini

Kabla hujajaza fomu ya chuo chochote, fahamu jambo moja ambalo vijana wengi wanalijua wakiwa wameshalipa ada: kinachoitwa "kilimo" mitaani ni fani nyingi zilizo chini ya wizara tatu. Mazao na bustani viko Wizara ya Kilimo. Ng'ombe, kuku na samaki wako Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Misitu, nyuki na wanyamapori viko Wizara ya Maliasili na Utalii. Vyuo vyao ni tofauti, masharti yao ya kujiunga yanatofautiana, na ajira zinatangazwa kwa majina ya kada tofauti. Aliyesomea mazao haajiriwi kuwa askari wa wanyamapori, na mwenye cheti cha misitu hapewi kata akawe bwana shamba. Kwa hiyo tuanze na fani, chuo kitafuata.

Hatua ya kwanza: chagua kazi, halafu fani

Usijiulize "kozi gani ina soko?" Jiulize utakuwa unafanya nini saa nne asubuhi siku ya Jumanne, miaka mitano kutoka sasa.

Ukisomea mazao, saa hiyo uko shambani kwa mtu mwingine, mara nyingi umefika kwa pikipiki, unaangalia mahindi au mpunga na kujibu maswali. Vyuo vya serikali vya fani hii ni vile vya MATI, yaani vyuo vya mafunzo ya kilimo vya wizara: Uyole (Mbeya), Ilonga (Kilosa), Ukiriguru (Mwanza), Mlingano (Tanga), Tumbi (Tabora), Mtwara, na Igurusi kule Mbarali, ambako umwagiliaji ndio nguzo ya chuo.

Ukisomea bustani, yaani mboga, matunda, maua na viungo, saa hiyo uko kitaluni au kwenye nyumba ya kufungashia, mkono mmoja una mkasi, mwingine una daftari la kumbukumbu. Jina la kwanza hapa ni HORTI Tengeru, chuo cha bustani kilichoko Arusha. Eneo lenyewe linafundisha: pembeni kuna mashamba ya maua na mboga za kuuza nje, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kipo hukohuko, na ofisi za TAHA, umoja wa wadau wa bustani, ziko mjini Arusha.

Mifugo ina LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo wenye kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba na kwingineko. Uvuvi una FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, yenye kampasi zinazojulikana zaidi za Mbegani (Bagamoyo) na Nyegezi (Mwanza).

Maliasili ina familia yake. Olmotonyi nje ya Arusha ni misitu. Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu, wanaosoma mbao na mashine za kuchana magogo. Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Pasiansi, Mwanza, ni cha askari na wahifadhi wa wanyamapori. Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, kinafundisha uhifadhi unaoendeshwa na jamii, yaani askari wa vijiji na viongozi wa jumuiya za hifadhi. Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni chuo cha Afrika nzima: kilianza 1963, miaka miwili baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Tamko la Arusha la Septemba 1961, lililoahidi kulinda wanyamapori na kueleza wazi kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu waliofundishwa.

Shahada ni habari ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kilianzishwa 1984, mwaka uleule aliofariki Edward Moringe Sokoine, kikapewa jina lake. Vyuo vikuu vingine vina kozi za kilimo na mazingira pia, lakini SUA msingi wake wenyewe ni kilimo.

Hatua ya pili: soma matokeo yako bila kujidanganya

Mfumo wa vyuo vya kati unasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na ngazi zake zinaitwa NTA. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada. Kila moja ni takriban mwaka mmoja, hivyo aliyetoka kidato cha nne hufika stashahada kwa miaka 3. Aliyemaliza kidato cha sita kwa masomo ya sayansi, akiwa na angalau ufaulu mmoja kamili (principal) na mmoja mdogo (subsidiary), mara nyingi huanzia ngazi ya 5 na kumaliza stashahada kwa miaka 2.

Kwa kidato cha nne, msingi ni ufaulu wa masomo manne, yaani kuanzia D, ukiondoa ya dini. Ila D nne za Kiswahili, Uraia, Historia na Kiingereza hazikufikishi popote hapa. Vyuo vinataka ndani ya hizo nne kuwe na sayansi: Baiolojia, Kemia, Kilimo, Fizikia, Hisabati au Jiografia, kulingana na kozi. Sharti kamili la kila kozi limeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET cha mwaka husika. Soma mstari wa kozi yako mpaka mwisho, maana neno moja tu, "Kemia" badala ya "Kemia au Fizikia", linaweza kukutoa.

Anayelenga shahada moja kwa moja kutoka kidato cha sita anahitaji ufaulu kamili wa masomo mawili yanayohusika. CBG, PCB na CBA ndizo tahasusi zinazofungua milango mingi zaidi, na EGM au PCM zinafaa kwa uchumi kilimo na uhandisi. Anayetoka stashahada huhitaji GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0. Kama darasani hukuwa nyota ila mikono yako ni myepesi, njia ya stashahada kwanza inakufaa zaidi. Ukifika SUA ukiwa umeshapanda, umepulizia na umevuna, mihadhara inakukuta na mahali pa kuishika.

Hatua ya tatu: nenda ukaone shamba la chuo

Hapa nisikilize vizuri, mzazi na kijana wote wawili. Majengo mapya, geti lenye rangi na tangazo la redioni havifundishi kilimo. Kinachofundisha ni shamba la chuo na watu wanaolitunza. Panga safari ya siku moja, iwe katikati ya msimu, uende chuoni kabla ya kulipa chochote. Omba kutembezwa.

Angalia kama mimea ina vibao vinavyoonyesha aina ya mbegu na tarehe ya kupanda. Vibao vikiwepo na vikiwa vya msimu huu, kuna mwalimu anayefuatilia. Ingia stoo: je, kuna pampu za mgongoni zaidi ya moja zinazofanya kazi? Kuna miwani, glavu na barakoa, au dawa inapuliziwa kwa fulana? Uliza kila mwanafunzi anapewa eneo lake la kulima au wanalima kwa makundi ya thelathini, ambapo watano wanashika jembe na waliobaki wanapiga soga. Tafuta maji: mfereji, kisima, laini za matone. Chuo kisicho na maji kiangazi chote kinakaa miezi bila vitendo.

Kisha kaa na wanafunzi wa mwaka wa pili bila mwalimu. Waulize mara ya mwisho walishika mkasi au jembe lini, fildi (mafunzo ya vitendo nje ya chuo) wanatafutiwa au wanajitafutia, na mitihani ya vitendo inafanyiwa wapi. Majibu yao yanatosha kabisa kukuamulia.

Kwa chuo binafsi, hakikisha kwanza usajili na ithibati yake kwenye tovuti ya NACTVET, na si chuo tu, bali kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi yake mpya ya kilimo ikiwa haijapata kibali.

Hatua ya nne: maombi na fedha

Fuata maelekezo ya udahili ya mwaka husika, lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo tu, na usimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi ya nafasi. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA yalingane. Yakitofautiana hata herufi moja, shughulikia kiapo mapema.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, haukomei kwa wanaosoma shahada. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, HESLB ilianza kuwakopesha pia wa stashahada katika fani za kipaumbele, kilimo na mifugo zikiwemo. Soma mwongozo wa mwaka wako uone kozi yako imo.

Unapopanga bajeti, ada ni sehemu tu. Weka buti za mpira, koti la kazi, mkasi wa kupogolea, kikokotoo, bima ya afya, na nauli na chakula cha fildi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa sababu fildi inaweza kuwa mkoa usio na ndugu hata mmoja.

Hatua ya tano: mwaka wa kwanza, shika udongo na namba

Masomo yatakuwa mengi: botania, udongo, wadudu na magonjwa, ugani (kuwashauri wakulima), mashine, uchumi wa shamba. Mawili yatakubeba maisha yako yote ya kazi, nayo ni udongo na hesabu.

Jifunze kuchukua sampuli ya udongo mpaka uweze kuifanya gizani. Unatembea shambani kwa mtindo wa zigizaga, unachimba vituo kama 15 kwa kina cha sentimita 0 hadi 20, ukiepuka kichuguu, zizi la zamani, chini ya mti na mahali palipochomwa taka. Udongo unaenda kwenye ndoo ya plastiki; ndoo ya bati huacha zinki ikavuruga majibu ya maabara. Unachanganya, unatandaza, unagawa mafungu manne, unatupa mawili yanayotazamana, na kurudia hadi ibaki nusu kilo. Unakausha kivulini na kuandika lebo: jina la shamba, tarehe, kina, zao lililotangulia. Sampuli mbaya ikienda kwenye maabara nzuri, mkulima atanunua mbolea isiyomfaa kwa mwaka mzima.

Hesabu sasa. Mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo: kila mmea unachukua mita za mraba 0.225, kwa hiyo hekta moja ina mimea 44,444. Ukijua hilo unaweza kumwambia mkulima kwa nini debe alilopanda halitoshi, au kwa nini amebananisha.

Lakini hesabu itakayokutofautisha na muuza duka ni ya pampu. Wakulima wengi hupima dawa kwa kifuniko cha chupa, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha vinginevyo. Fanya hivi: weka maji matupu kwenye pampu, yawe yamepimwa. Pima eneo la mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100. Mpe mkulima mwenyewe apulizie kwa mwendo wake wa kawaida, maana ukipulizia wewe utapata mwendo wako. Pima maji yaliyotumika. Tuseme ni lita 3. Hekta ni mita za mraba 10,000, hivyo atatumia lita 300 kwa hekta, na kwa ekari, yenye mita za mraba kama 4,047, ni lita 121. Pampu yake ni ya lita 15, kwa hiyo ekari ni pampu 8. Lebo ikisema lita 1 ya dawa kwa hekta, ekari inahitaji takriban mililita 400, na mililita 400 gawanya kwa 8 ni mililita 50 kila pampu. Sasa pima ujazo wa kile kifuniko chake mbele yake kwa bomba la sindano. Atakachokiona hatakisahau, na msimu ujao atakutafuta.

Wa bustani waongeze ubebeshaji wa miche, yaani kuunganisha kikonyo (kijiti) cha aina bora kwenye mche mwingine. Parachichi ya Hass, inayolimwa Njombe, Rungwe na Kilimanjaro, huanza na mche wa kienyeji uliooteshwa kwa mbegu. Shina likifikia unene wa penseli unalikata kama sentimita 20 kutoka juu ya udongo, unapasua katikati sentimita 3. Kikonyo cha Hass, kilichokatwa kwenye mti wenye afya na chenye vijicho vilivyovimba, unakichonga pande mbili kwa pigo moja la kisu kila upande. Unakipenyeza mpaka gamba la ndani la kijani liguse la mwenzake walau upande mmoja. Shina na kikonyo visipolingana unene, usikiweke katikati. Sogeza pembeni ili magamba hayo yakutane. Funga mkanda wa nailoni kwa kukaza, funika kwa mfuko mwembamba, weka kivulini. Baada ya wiki tatu au nne vijicho hufunguka. Kisu kiwe kikali kuliko unavyodhani kinahitajika, na kisafishwe kwa spiriti kati ya mche na mche. Omba vikonyo vya ziada, bebesha jioni, bebesha Jumamosi. Mkono unaobebesha vizuri hulipwa kwa kila mche unaoshika, hata kabla ya cheti.

Hatua ya sita: fildi

Omba mahali penye kazi, si penye jina. Kata yenye bwana shamba mmoja na vijiji vingi itakufundisha zaidi ya ofisi yenye kiyoyozi. Vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, vinafaa pia, na kwa wa bustani, shamba linalouza nje ya nchi, ambako utajifunza ukaguzi na kumbukumbu za kila tone la dawa.

Nunua daftari gumu. Kila siku andika tarehe, mvua, zao, ulichoulizwa, ulichojibu, na usichojua. Andika majina ya wenyeji. Mkulima wa nyanya akikwambia "kantangaze", anazungumzia Tuta absoluta, yule kipepeo ambaye kiwavi wake huchimba majani na matunda. Ukimsahihisha kwa jina la Kilatini umeshampoteza, tumia lake.

Usitaje ugonjwa kabla hujaangalia. Tembea shamba zima kwanza: tatizo liko kwenye mabaka, mstari mmoja, au upande wa mteremko? Geuza majani. Ng'oa mmea uone mizizi. Nyanya iliyonyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo na ukining'inize kwenye glasi ya maji masafi. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe wa maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Maji yakibaki masafi bila uzi huo, shuku fusari (mnyauko wa kuvu) au kitu kingine. Kwenye mahindi, kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne ya mraba karibu na mkia ni kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini 2017. Kuua kiwavijeshi vamizi aliyekwisha jificha ndani ya bua ni kupoteza fedha za mkulima, hivyo fundisha ukaguzi wa mapema.

Swali likikuzidi, sema "nitakuletea jibu Alhamisi," na Alhamisi ulete. Heshima ya bwana shamba kijijini hujengwa hapo.

Wa misitu na wanyamapori

Jiandae mwili. Mafunzo ya uhifadhi yana gwaride, kambi porini na mwendo mrefu wenye mzigo, kwa kuwa watumishi wa TANAPA (hifadhi za taifa), Ngorongoro, TAWA (wanyamapori) na TFS (misitu) wako kwenye jeshi la uhifadhi. Anza kukimbia miezi kadhaa kabla ya kuripoti. Ukaguzi wa afya ni wa kweli; ukiwa na tatizo, liseme mapema.

Upimaji wa miti utakuwa mkate wako. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko unasimama upande wa juu. Mzunguko wa sentimita 94 gawanya kwa 3.14 unakupa kipenyo cha sentimita 30. Kosa dogo hapo, likizidishwa kwa maelfu ya miti, linakuwa lori zima la magogo yaliyopotea kwenye karatasi.

Soma sheria zenyewe pia: Sheria ya Misitu ya 2002 na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Utakuwa unakamata watu, na mtu akikamatwa kwa kosa lisiloelezwa vizuri, kesi inaanguka na kijiji kinakuchukia. Jifunze lugha ya mazungumzo na wanavijiji wanaopakana na hifadhi mapema kuliko unavyojifunza bunduki. Mkulima ambaye shamba lake limeliwa na tembo usiku mmoja haelewi hotuba ya utalii, anataka kujua nani anakuja kumsaidia kesho.

Hatua ya mwisho: kuelekea kazini

Ajira za serikali hutangazwa kupitia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini. Fungua akaunti mwaka wa mwisho, pakia vyeti kadiri unavyovipata, na soma jina la kada: Afisa Kilimo Msaidizi, Afisa Mifugo Msaidizi, Mhifadhi Misitu. Nafasi ni chache kuliko wahitimu, hivyo usikae nyumbani kuisubiri. Mashamba makubwa, kampuni za mbegu na mashirika huajiri wenye kumbukumbu za kazi; hapo lile daftari la fildi na picha zenye tarehe huzungumza kabla yako.

Ukitaka duka la pembejeo, sifa yako ya kilimo inakupa nafasi, lakini vibali ni vitatu tofauti, kila kimoja na taasisi yake: mbolea ni TFRA, mbegu ni TOSCI, viuatilifu ni TPHPA. Ukitaka kuuza miche ya matunda, zungumza na TOSCI kabla hujajaza viriba, ili ukaguzi ukukute na miti mama inayojulikana ilikotoka. Anza na miche unayoweza kuimwagilia mwenyewe kiangazi chote, uza kwa majirani, ukafuatilie iliyopandwa ilivyoshika, na uandike kila mche uliokufa na sababu yake.